Nani Mwenye Haki ya Kulalamika? Nyimbo na Maandishi ya Kiswahili ya Katanga Kutoka Santuri hadi Mtandao

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa ikiuzuia mto Lualaba kwa bwawa pale Nzilo, karibu na Kolwezi, ili kupata umeme wa migodi na viwanda vya shaba. Ardhi na madini ya sehemu ile vilikwisha kugawanywa kwa mikataba na hati, na mwenye hati alijulikana. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Jadotville, yaani Likasi ya leo, akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Huko alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya zamani ya Msiri, ambako leo ni katika jimbo la Lualaba. Wimbo mmojawapo ulioingia katika mitambo hiyo ni “Masanga”. Santuri yake ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, ikasikika katika nchi nyingi za Afrika, na miaka kumi hivi baadaye mtaalamu David Rycroft aliandika nota za upigaji wa gitaa wa Mwenda katika jarida la *African Music*, toleo la 1961 na la 1962.

Tangu siku hiyo ya 1952 wimbo huo ulikuwa na wenyewe wengi: mtungaji aliyeupiga, mtafiti aliyeunasa, kampuni iliyoutoa, na baadaye maktaba iliyouhifadhi. Suala la nani kati yao aweza kusimama na kusema “kazi hii ni yangu, iondoeni” halikuwa na uzito mkubwa wakati santuri zilipouzwa madukani. Limepata uzito tangu nyimbo na maandishi ya Katanga yalipoanza kuwekwa katika mtandao wa intaneti, ambamo kazi huwekwa na mtu yeyote na huondolewa kwa barua ya mtu anayedai kuwa ndiye mwenye haki. Makala haya yanaufuatilia utaratibu huo wa malalamiko tangu chanzo chake, kisha yanaupima kwa kazi tatu zilizotoka katika ukanda wa shaba. Hoja yake ni kwamba utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya mwenye karatasi, na kwamba Kiswahili cha Katanga kiliingia katika kumbukumbu za dunia kwa mikono ya watu waliokuwa na karatasi, huku wenye sauti wakibaki bila ya hizo.

Utaratibu wenyewe ni wa karibuni. Mwezi Oktoba 1998 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki katika zama za tarakimu, na kifungu chake cha 512 ndicho kilichoweka desturi ambayo sasa hufuatwa karibu kila mahali. Mwenye tovuti anayehifadhi kazi zilizowekwa na watu wengine hatawajibishwa kwa kosa lao, ilimradi akipata ilani ya mwenye haki aiondoe kazi hiyo bila kukawia. Ilani ni lazima iwe na sahihi, iitaje kazi iliyokiukwa, ioneshe mahali ilipo katika mtandao, itoe anwani ya mlalamikaji, na iseme kwamba anaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa. Aidha mlalamikaji hutamka, kwa kukubali adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba yeye ni mwenye haki au ni wakili wake. Mtu ambaye kazi yake imeondolewa aweza kupeleka ilani ya kupinga. Hapo tovuti hairudishi kazi mara moja. Husubiri kati ya siku 10 na 14 za kazi ili kuona kama mlalamikaji atafungua kesi.

Jambo dogo katika ilani hiyo ya kupinga lastahili kutazamwa na msomaji aliye Kolwezi. Anayepinga ni lazima akubali kuwa chini ya mamlaka ya mahakama ya Marekani. Kama anaishi nje ya nchi hiyo, ni mahakama ya wilaya yoyote ambamo kampuni ya mtandao yaweza kupatikana. Mwanafunzi aliyeweka katika mtandao nakala ya maandishi ya mji wake mwenyewe, kisha akaambiwa ayaondoe, hujibu kwa kujipeleka mbele ya hakimu wa California. Ni wachache watakaoweka sahihi yao hapo, hata kama haki yote ni yao.

Umoja wa Ulaya ulifuata kwa agizo lake la mwaka 2000 kuhusu biashara ya elektroniki, na mwaka 2022 ukatunga sheria ya huduma za kidijitali inayoilazimu kampuni kumweleza mtumiaji sababu ya kuondoa kazi yake na kumpa mahali pa kukata rufaa. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya iliingiza ilani ya kuondoa katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata Kanuni yake ya mambo ya kidijitali mwezi Machi 2023. Hadi hapo, na hata sasa kwa sehemu kubwa, msingi wa hakimiliki nchini humo ni amri-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyotungwa wakati wa Zaire, ambayo humlinda mtungaji katika maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Kwa kipimo hicho, Mwenda Jean-Bosco, aliyefariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwezi Septemba 1990, ana haki ambayo warithi wake wanaishika hadi mwisho wa mwaka 2040. Lakini hiyo ni haki ya utungo. Juu yake kuna haki nyingine, ya rekodi, ambayo ni ya aliyetengeneza santuri. Mkataba wa Roma uliowatambua wapigaji na watengenezaji wa rekodi kimataifa ulitiwa sahihi Oktoba 1961, miaka tisa baada ya siku ile ya Jadotville, na katika Kongo haki za aina hiyo zilipata sura kamili katika amri ya 1986. Kwa hiyo mwaka 1952 kijana yule alikuwa na madai ya mtungaji peke yake. Jinsi vidole vyake vilivyouchomoa sauti waya wa gitaa, jambo ambalo ndilo lililowavuta wasikilizaji na ndilo Rycroft alilohangaika kuliandikia nota, halikuwa na jina katika sheria.

Hapa pana kinyume cha mambo ambacho hakionekani kwa mtazamo wa kwanza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rekodi iliyotolewa mwaka 1952 ilimaliza miaka yake 50 mwishoni mwa 2002, kabla ya muda huo kuongezwa kuwa miaka 70 kwa agizo la 2011. Yaani katika Ulaya fungu la kampuni limekwisha, fungu la mtungaji lingali hai. Hata hivyo mitambo inayolinda hakimiliki katika mtandao kwa kawaida huanza na rekodi. YouTube ilianzisha mtambo wake wa Content ID mwaka 2007: kampuni hupeleka nakala ya rekodi zake, mtambo huzifananisha na kila video inayowekwa, na zikilingana, kampuni huamua kuzuia video hiyo, kuiacha, au kuchukua mapato ya matangazo yake. Mtambo huo haukabidhiwi kwa kila mtu. Hupewa wenye orodha kubwa za kazi. Mjukuu mwenye wimbo mmoja wa babu yake hujaza fomu kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa kila video.

Isidhaniwe kuwa Tracey alikuwa mwizi. Alisafiri katika nchi ambazo wakuu wake hawakuona thamani yoyote katika gitaa la kibarua, akaandika majina ya wapigaji, mahali na mwaka, jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa santuri hawakulijali. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika aliyoiasisi mwaka 1954, ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, ndiyo iliyofanya nyimbo hizo zisipotee, na baadhi yake zimetolewa tena na SWP Records ya Uholanzi. Pasipo kazi hiyo kusingekuwa na cha kulalamikia. Lakini shukrani ni jambo moja na umiliki ni jingine.

Ni nini hasa humwezesha mrithi wa mwanamuziki wa Kiafrika kusikilizwa? Mfano unaojulikana unatoka katika kampuni ileile ya Gallo. Solomon Linda alirekodi “Mbube” mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962, na wimbo wake ukaenea duniani kwa jina la “The Lion Sleeps Tonight”. Binti zake hawakusikilizwa kwa kujaza fomu. Ilihitajika makala ndefu ya mwandishi Rian Malan mwaka 2000, ikahitajika wakili aliyevumbua tena kifungu cha sheria ya Dola ya Uingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo, na ikahitajika kesi dhidi ya Disney, ndipo mapatano yakafikiwa mwezi Februari 2006. Sheria ile ilikuwa ya Dola ya Uingereza. Jadotville ilikuwa chini ya Ubelgiji, na warithi wa mtungaji wa Bunkeya hawana kifungu cha namna hiyo cha kuegemea moja kwa moja. Shirika la watungaji la Zaire, SONECA, lililoundwa mwaka 1969, na SOCODA lililochukua nafasi yake mwaka 2011, yote makao yake ni Kinshasa, na umbali kati ya Kinshasa na Lualaba si wa kilomita tu.

Kazi ya pili ni ya maandishi, nayo ni ngumu zaidi. Mwaka 1965 jumuiya ya watumishi wa zamani wa nyumbani katika mji wa Elisabethville ilitoa kijitabu kilichopigwa chapa kwa taipureta na kurudufiwa kwa stensili. Kiliitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, ingawa si msamiati hata kidogo: ni historia ya mji tangu kuja kwa Wazungu, kama ilivyotazamwa na maboi waliowapikia, kuwafulia na kuwasikiliza wakila. Mwandishi wake ni André Yav, aliyeandika kwa niaba ya wenzake. Kiswahili chake ni kile kinachosemwa Katanga, kimeandikwa na mtu ambaye hakuna shule iliyomfundisha kukiandika, maneno yakiunganishwa na kutenganishwa kwa kufuata pumzi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, si rahisi kupata maandishi mengine yenye thamani hiyo yaliyotoka kwa wafanyakazi wa Kongo wenyewe.

Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha katika kitabu *History from Below*, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, sherehe yake, na maelezo ya lugha ya Walter Schicho. Baadaye maandishi hayo yaliwekwa katika mtandao, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyotunzwa na Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambamo msomaji wa Dar es Salaam au wa Kolwezi aliweza kuyasoma bila malipo. Ni tendo la manufaa makubwa. Ndilo lililofanya maandishi ya maboi wa Elisabethville yafundishwe katika vyuo ambavyo visingeweza kamwe kununua kitabu kile.

Sasa tuseme mhadhiri mmoja amekinakili kijitabu cha 1965 katika tovuti ya idara yake, na ilani ikaja. Nani angekuwa ameiandika? Mchapishaji wa mwaka 1990 ana haki katika tafsiri, sherehe na mpangilio wa chapa yake, na ana anwani, wakili na fomu. Hana haki katika maneno ya 1965. Lakini mwenye tovuti anayepokea ilani hana wakati wa kutenganisha tabaka hizo. Sheria inamlinda akiondoa, haimlindi akisitasita. Kwa hiyo ataondoa yote. Tovuti haihukumu nani ni mwenye kazi. Hupima hatari yake yenyewe tu, na hatari ya kumkosea mchapishaji wa Ulaya ni kubwa kuliko hatari ya kumkosea boi aliyekufa.

Sheria nayo inatoa majibu mawili kuhusu muda. Yav akihesabiwa kuwa mtungaji, haki inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kijitabu kikihesabiwa kuwa kazi isiyo na mtungaji maalumu, iliyotolewa na jumuiya, Mkataba wa Berne unahesabu miaka 50 tangu kilipotolewa, na muda huo ulikwisha mwishoni mwa 2015. Ulaya ilijaribu kuwasaidia wenye maktaba katika mashaka kama hayo: agizo la mwaka 2012 kuhusu kazi zisizojulikana wenyewe linaruhusu maktaba kuziweka katika mtandao baada ya upelelezi wa dhati. Lakini ruhusa hiyo inahusu kazi zilizochapishwa mara ya kwanza katika nchi mwanachama. Kijitabu kilichorudufiwa Elisabethville, kikiwa kimehifadhiwa Amsterdam au Brussels, hakimo. Ni ajabu kwamba sheria iliyotungwa kwa ajili ya kazi yatima iliwaacha nje yatima wa makoloni, ambao makumbusho na maktaba za Ulaya zimewajaa.

Kazi ya tatu ni ya rangi na sauti pamoja. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora kwa ajili ya Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za historia ya Zaire, akaeleza kila picha kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Mazungumzo hayo yalitoka katika kitabu *Remembering the Present* mwaka 1996, na maandishi yake ya Kiswahili yakawekwa katika hifadhi ileile ya mtandao. Picha zenyewe zilinunuliwa na Tropenmuseum ya Amsterdam mwaka 2000. Mchoraji mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kanuni ya hakimiliki ni kwamba anayenunua turubai hanunui haki ya kuichapisha. Haki hubaki kwa mchoraji na warithi wake. Picha za Tshibumba zimezagaa katika mtandao, na bila shaka wengi wa walioziweka wanampenda. Lakini mtu aliyetoweka hana cheti cha kifo, na pasipo cheti mrithi hawezi kuthibitisha kuwa mrithi, wala miaka 50 haina siku ya kuanzia kuhesabiwa. Fomu ya malalamiko inadai tamko la chini ya adhabu ya kiapo kwamba mlalamikaji ana mamlaka. Mke au mtoto wa mtu aliyepotea ana ukweli wote mkononi isipokuwa huo.

Kuna maombi mengine ya kuondoa ambayo hayahusu hakimiliki, na katika maandishi ya Katanga ndiyo yenye maumivu zaidi. Mwaka 1974 Fabian alizungumza na mganga Kahenga kuhusu ibada aliyoifanya kulinda nyumba. Maandishi ya mazungumzo hayo yakawa katika mtandao, na mwaka 2008 kitabu kizima, *Ethnography as Commentary*, kikajengwa juu yake. Fabian mwenyewe aliliona jambo hilo kuwa fursa mpya: msomaji aweza kuutazama ushahidi mzima, si dondoo alizochaguliwa na mtaalamu. Hoja hiyo ni nzito. Upande wa pili ni kwamba aliyezungumza mbele ya kinasa sauti mwaka 1974 alimwambia mtu mmoja aliyeketi naye, na hakuwa na njia ya kuwaza juu ya hadhira isiyo na mipaka. Mahakama ya Ulaya iliamua tarehe 13 Mei 2014, katika kesi dhidi ya Google iliyotoka Hispania, kwamba mtu aweza kuomba habari zake za zamani zisioneshwe anapotafutwa kwa jina. Haki hiyo kwa jumla ni ya walio hai. Mganga aliyekufa na siri ya dawa zake hawamo katika fomu yoyote.

Ukizitazama kazi hizi tatu pamoja, yaonekana kuwa utaratibu unajua maneno mawili tu: iondolewe au iachwe. Mkataba wa Berne, katika kifungu cha 6 bis, humpa mtungaji haki ya kutajwa jina hata akiwa ameuza haki nyingine zote. Lakini kifungu cha 512 cha Marekani kilijengwa juu ya haki za mapato, na mwenye kutaka tu jina la Mwenda liandikwe sawasawa chini ya “Masanga”, au maneno ya Kiswahili cha Katanga yasisahihishwe na mtu wa pwani anayedhani ni makosa, hana kisanduku cha kuweka alama. Aliyetaka jina apewa shoka la kukatia wimbo. Katika mabonde ya Lualaba si jambo geni kusikia wazee wakisema wimbo uendelee kupigwa, ila mwenyewe atajwe. Kutajwa ndiyo malipo wanayoyajua tangu enzi za sifa za machifu.

Mambo haya hayako mbali na chuo kikuu. Kolwezi sasa ina chuo kikuu chake, na idara za lugha za Lubumbashi zina kanda na karatasi za miaka ya 1970 ambazo zinaendelea kuoza. Anayetaka kuziweka katika mtandao hukutana na suala hili siku ya kwanza, na kwa kawaida hulijibu kwa kunyamaza: huweka, kisha hungoja ilani. Wengine huogopa, na kanda hubaki kabatini. Upelelezi wa nani aliyesema, anaishi wapi, na watoto wake ni akina nani waweza kufanywa huko Likasi na Bunkeya kwa nauli ya basi, wakati wajukuu wangali wanajulikana kwa jirani. Kwa barua pepe kutoka Amsterdam haufanyiki.

Msomaji aweza kurudi kwenye jalada la kijitabu cha 1965. Katika kazi tatu zilizotajwa, ndiyo pekee iliyotolewa na wenyewe, bila mtafiti wala kampuni. Mkataba wa Berne, katika kifungu cha 15, unasema kwamba kazi isiyo na jina la mtungaji huwakilishwa na mtoaji ambaye jina lake limeonekana juu yake, mpaka mtungaji ajitokeze. Watumishi wale wa zamani hawakuwa na wakili. Waliandika kwenye jalada jina la jumuiya yao na jina la mji wao.